Safari ya Kulikagua Kaburi

Baba yangu hakuamini karatasi. Kodi ilitufikia kwa karatasi, amri ya kulima barabara ilitufikia kwa karatasi, na siku kaka yangu alipoondoka Sekei kwenda kuwafanyia kazi Wadachi, karani wa boma alichora alama kwenye karatasi akasema kijana atarudi baada ya miezi mitatu. Masika mawili yakapita hajarudi. Ndiyo maana askari alipopanda njia ya kwetu asubuhi moja, akipita katikati ya migomba na barua mkononi, baba hakuinuka kwenye kigoda chake. Aliendelea kusaga tumbaku yake juu ya jiwe kana kwamba aliyekuja ni kuku.

"Mzee, unaitwa bomani," askari alisema. "Kuna habari zako kutoka pwani."

"Habari zangu ninazo mwenyewe," baba alijibu kwa lugha yetu, kisha akanigeukia. "Mwambie."

Nilimwambia askari kwamba tunakuja.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi na minane. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwenye shule ya misioni ya Walutheri, nikajua kusoma, kuandika, kupinda nguo na kusema Kiswahili. Baba aliniruhusu kwenda huko kwa sababu moja tu. Alitaka nyumbani kwake awe na mtu wa kumwambia karatasi zinasema nini. Lakini hata mimi hakuniamini sawasawa. Kila nilipomaliza kumtafsiria jambo, aliuliza, "Ndiyo yote?" na kunitazama midomo, si macho.

Bomani tulisimama chini ya ule ukuta mweupe ambao wanaume wa rika lake waliubebea mawe na chokaa. Karani aliifungua barua, akaisoma upesi kama mtu anayetaka kwenda kula.

"Kijana wako amefariki katika misioni yetu ya kilimani, kando ya bahari, mwendo wa siku moja kutoka Tanga. Alikuwa mgonjwa wa mguu. Tumemzika vizuri. Vitu vyake tumevitunza." Akaikunja. "Basi. Pole, mzee."

Nilimtafsiria baba. Yeye alitoa sauti kama ya kucheka.

"Muulize nani kaandika."

"Padri wa huko," karani alijibu.

"Padri anamjuaje mwanangu? Muulize kama yeye karani amemwona amekufa."

"Binti, mwambie baba yako mimi nasoma tu. Sikuwapo."

"Ndiyo yote aliyosema?" baba aliniuliza.

"Ndiyo yote, baba."

Tulianza kurudi nyumbani, tukavuka mto. Pale alisimama akaniambia alichokuwa akikifikiri. Mtoto wake alikuwa hai. Walimpeleka pwani, wakamwona ana nguvu, wakamficha au wakamvusha maji kumpeleka kwa watu wengine, na sasa wameandika barua ili tunyamaze na tusiulize tena. "Mtu akikuibia ng'ombe," alisema, "jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba aliliwa na simba."

Hata mimi nilikuwa na mashaka yangu. Vibarua waliorudi kutoka mashamba ya mkonge walisimulia mambo ya mapadri waliovaa kanzu ndefu na kunywa kitu chekundu kikombeni asubuhi, kabla hata ya kula. Na mwalimu wetu wa misioni, ambaye hakuwa mtu wa hadithi za mumiani, alitukataza kabisa kukanyaga makanisa ya Warumi. Wanaabudu masanamu, alisema, na ukishaingia kwao hutoki.

Kwetu, mtu akifa jina lake halitajwi tena nyumbani. Tangu siku ile ya barua, baba alianza kulitaja jina la kaka kila mahali. Alilitaja kwa majirani, alilitaja kwa mbuzi, alilitaja akiwa peke yake shambani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mama aliyaziba masikio yake. Yeye alikuwa ameiamini barua mara moja, na alitaka kunyoa nywele aomboleze. Baba akamkataza kugusa wembe.

Hali ile ilidumu karibu mwezi mzima. Jioni moja mama aliweka chungu chini akamwambia, "Umenizuia nisilie na umenizuia nisimngoje. Nenda ukaone. Ukikuta yuko hai, mlete. Ukikuta kaburi, rudi uniambie, ninyoe."

Baba akauza mbuzi wawili, tukaondoka.

Tulitembea siku tatu mpaka Moshi, mimi nyuma yake na kibuyu cha maziwa mgongoni. Moshi tuliingia kwenye gari la moshi. Baba hakutaka kukaa kwenye benchi. Alisimama karibu na mlango ameishika fimbo yake, na kila gari lilipopunguza mwendo alichungulia nje kuona ni nani anapanda na ni nani anashushwa. Kwenye kituo kimoja walipandishwa vijana kama ishirini wenye vitambulisho vya bati shingoni, nyuma yao askari mmoja. Baba aliwatazama nyuso mmoja mmoja, akalitaja jina la kaka. Kijana mmoja aligeuka, lakini aligeuka tu kama mtu anayegeukia sauti yoyote.

"Muulize wanapelekwa wapi," baba aliniambia.

Nikamwuliza kijana. "Mkonge," alisema.

"Watarudi lini?"

"Miezi mitatu, dada."

Nilimtafsiria baba. Hakuniuliza kama ndiyo yote.

Tulipofika Tanga mchana wa siku ya pili, jambo lililomkera zaidi lilikuwa bahari. Hakuwahi kuiona. Aliitazama kidogo, akaigeuzia mgongo. "Maji yasiyo na ng'ambo," alisema. "Hapa mtu anaweza kupelekwa usijue ameelekea wapi." Tangu hapo tulitembea kuelekea kusini, bahari mkono wetu wa kushoto, na njia nzima alikuwa akikaza jicho kwenye ufuo kana kwamba anatafuta nyayo.

Kilima tulikiona mbali. Kilikuwa kimesimama peke yake juu ya maji, mawe matupu upande wa bahari, na juu yake kanisa jeupe lililoanza kuwa jeusi pembeni kwa uzee. Watu wa pale walipaita Kwa Mama, kwa ajili ya sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa ndani. Walituambia lilijengwa kabla Wadachi hawajaja, na mapadri wa kwanza pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya makombe. Wagonjwa, wajawazito na watu wenye safari ndefu walikuja kuomba pale kutoka mbali, hata baadhi ya Waislamu, na wote walipanda kwa miguu mitupu.

Siku tuliyofika palikuwa na watu wengi kwenye ngazi za mawe. Wanawake wamevaa nguo nyeupe, wamefunika vichwa, kila mmoja ameshika mshumaa, na wanapanda taratibu wakinong'ona neno moja tena na tena.

Baba alinishika mkono. "Wamefungwa nini hawa?"

"Hawakufungwa, baba. Wanasali."

"Mbona wote wanasema kitu kimoja? Mtu anayesema la moyoni hasemi sawa na mwenzake."

Chini ya ngazi mzee mmoja alituomba tuvue viatu. Baba akakataa kuvua makubazi yake ya ngozi. Alisema mtu asiye na viatu hawezi kukimbia. Yule mzee akacheka akatuacha tupite.

Padri alitupokea kwenye baraza la nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Alikuwa mzee, mwembamba, ndevu mpaka kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha karani wetu. Nilimsalimu shikamoo, akaitika kama mtu wa pwani. Nilipomwambia tumetoka Arusha, alituvutia viti.

"Mmetoka mbali sana," alisema. "Mwambie mzee nampa pole. Mwanawe alikuwa hapa kwetu miezi mitano. Kule shambani mguu wake ulikatwa na mashine ya mkonge, ukaoza. Wakamleta hapa wameshachelewa."

Nilitafsiri. Baba alimtazama padri tangu ndevu mpaka viatu.

"Mwambie nataka kumwona mwanangu," alisema, akalitaja jina.

"Lakini, mzee, amefariki."

"Nataka kumwona."

Tukaletewa maji na mihogo ya kuchemsha. Baba hakugusa. Alikunywa maziwa ya mwisho yaliyokuwa kibuyuni, yameshakuwa makali, na akanikataza mimi pia kula. Nilisubiri alipokwenda kuzunguka nyumba, nikala kipande kimoja haraka haraka, nikajifuta midomo kabla hajarudi.

Tulipewa chumba cha wageni chini ya kanisa. Karibu na chumba chetu palikuwa na mlango mzito wenye kufuli. Baba aliusogelea, akautegea sikio.

"Kuna nini humu?"

Sikujua. Niliweka jicho kwenye ufa. Ndani mlikuwa na giza, lakini niliona nguo ndefu nyeupe zimetundikwa kama watu waliosimama, na kwenye rafu chupa kadhaa zenye kitu chekundu. Kwa akili yangu ya shule nilijua ile ni divai ya meza ya Bwana, hata sisi misioni tulikuwa nayo. Kwa akili yangu nyingine sikujua kitu.

"Umeona nini?" baba aliuliza.

"Nguo," nilisema. "Nguo tu."

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Asubuhi padri alituletea vitu vya kaka. Alivifungua mezani kwa uangalifu: shuka moja iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, bangili ya shanga na kikopo cha ugoro. Baba alivigeuza kwa ncha ya fimbo yake.

"Shanga kama hizi zinavaliwa na nusu ya Arusha," alisema. "Shuka ni shuka. Ugoro ni ugoro. Mwambie anionyeshe kitu kingine."

"Hana kingine, baba. Anasema sasa atatupeleka kaburini."

Makaburi yalikuwa mteremkoni, upande wa bahari, ndani ya ua wa mawe. Upepo ulikuwa mkali mpaka nikaishika nguo yangu kwa mikono miwili. Padri alitupitisha katikati ya misalaba akasimama kwenye mmoja wa mwisho, wa mti, udongo wake bado umeinuka kidogo. Nikainama nisome. Herufi zilikuwa zimechomwa kwa chuma cha moto, zinasomeka vizuri. Jina lililoandikwa lilikuwa la kizungu. Halikuwa na herufi hata moja ya jina la kaka yangu.

Nilisoma mara ya pili na ya tatu. Baba alikuwa akinitazama midomo.

"Si jina lake," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema kwa sauti kubwa vile. Labda nami nilikuwa nimetumaini. Baba akageuka kwa padri, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani nilimwona anatabasamu.

"Mwambie afukue."

"Baba..."

"Mwambie! Hapa amelala mtu mwingine. Afukue nimwone, na kama ni mwanangu nitamjua kwa meno."

Nilimwambia padri. Uso wake ukawa mwekundu. Alieleza kwamba lile lilikuwa jina la ubatizo, kwamba kaka alibatizwa siku chache kabla ya kufa, na kwamba kaburi halifukuliwi, hata kama angeomba mfalme wa Wadachi. Nilipomfafanulia baba habari ya ubatizo, mambo yakaharibika zaidi.

"Kwa hiyo wanakiri," alisema. "Walimwondolea jina lake. Mtu anayembadilisha jina mtoto wa mwenzake ana nia gani? Ng'ombe wa wizi ndiye anayebadilishwa alama."

Akapiga magoti, akaanza kuufukua udongo kwa ile fimbo yake. Padri akamshika bega. Baba akamsukuma. Wanaume wawili waliokuwa wanapalilia ua wakatupa majembe wakaja mbio, na mimi nikajiingiza katikati nikilia, nikisema kwa lugha zote mbili, acheni, acheni, ni baba yangu, ni mgeni wenu.

Hapo ndipo alipotokea yule bibi. Alikuwa mpishi wa misioni, mnene, mfupi, mikono yake imejaa unga. Kelele zetu zilikuwa zimemtoa jikoni.

"Hawa ni watu wa yule kijana wa mguu?" alimwuliza padri.

"Ndiyo."

Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu. Nilimwinamishia kichwa anisalimie kwa kuniwekea mkono utosini, kama wakubwa wanavyotusalimia kwetu. Alishangaa kidogo, kisha akajifuta unga kwenye kanga akauweka mkono.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemwosha kaka yako," alisema. "Mimi ndiye niliyempa uji. Mwambie mzee aniulize anachotaka."

Baba alikuwa bado amepiga magoti, fimbo imezama ardhini. "Wamemleta huyu anidanganye kwa sauti nzuri," alisema. Hata hivyo aliuliza. Kaka alikuwa na kovu wapi? Bibi akasema ana kovu gotini. Baba akasema kila mchungaji ana kovu gotini. Aliongea nini? Bibi akasema Kiswahili alikijua kidogo, hakuongea sana.

"Lakini kulipopambazuka," akaendelea, "homa ikiwa juu, alikuwa akipiga kelele. Maneno yale yale kila siku. Sijui maana yake. Nilimwuliza mara nyingi, akawa anacheka tu. Nikayashika."

"Uliyashika vipi, bibi, na huijui lugha?"

"Mimi niliokotwa njiani nikiwa mdogo, kwenye msafara wa watumwa," alisema. "Sikumbuki hata neno moja la kwetu. Ndiyo maana nikayashika ya kwake."

Akaweka mikono miwili mdomoni, akapaza sauti kuelekea baharini.

Aliyatamka kwa ulimi wa pwani, ameyapinda huku na huku, lakini niliyajua kabla hajamaliza. Ulikuwa ni wito wetu wa kuwarudisha ng'ombe wakikaribia maharage ya watu, na mwisho wake jina la ng'ombe mmoja mwekundu, mkaidi, aliyetutesa sana mimi na kaka tulipokuwa wadogo. Ng'ombe yule alikuwa wa nyumba yetu peke yetu. Alikuwa ameshakufa siku nyingi. Hapakuwa na karani wala padri duniani ambaye angeweza kulijua jina lake.

Nilimtazama baba. Hakuhitaji tafsiri yangu.

Aliichomoa fimbo udongoni. Aliusawazisha udongo alioutifua kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Kisha akang'oa majani mabichi pembeni ya ua, akayaweka juu ya kaburi, akatema mate kidogo kubariki. Padri alifungua mdomo kuuliza, yule bibi akamshika mkono. Tangu dakika ile sikumsikia baba akilitaja jina la kaka tena, na hapo ndipo nilipojua kwamba ameamini.

Tukarudi barazani. Baba alikubali maji. Alikunywa vikombe viwili, akakiweka cha pili chini, akasema, "Muulize jambo moja. Alikaa hapa miezi mitano akiwa hai. Kwa nini hawakuniandikia angali hai? Ningekuja."

Niliuliza. Padri alisita. Aliniangalia mimi, akamwangalia baba, akaangalia chini.

"Nilimwuliza kaka yako siku ya kwanza," alisema. "Nilimwambia, baba yako ni nani, nimwandikie. Akasema hana baba. Nilimwuliza tena na tena. Hana baba, hana baba. Mpaka siku ya mwisho ndipo alipotaja Sekei."

Nieleze hapa jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likizungumzwa. Siku ile askari walipokuja kuchukua mtu wa kwenda kazini, jina lililosomwa lilikuwa la baba. Baba akasema kifua kinambana. Akamnyooshea kidole kaka yangu, ambaye wakati ule alikuwa morani, nywele zake ndefu zimepakwa mafuta na udongo mwekundu, na ambaye alikuwa amekaa akila. Kaka hakubisha. Walimnyoa zile nywele bomani siku hiyo hiyo. Alipopita mbele ya baba hakumpa kichwa amguse.

Sasa baba alikuwa akiningoja. "Anasema nini?"

Maneno yalikuwa mepesi kutafsiri. Ni maneno mawili tu.

"Anasema homa ilimpanda sana," nilisema. "Hakuweza kutaja kwao. Alikuwa akikuita tu, baba. Baba, baba."

Padri alisikia neno lile la mwisho likirudiwa, akainua macho. Sidhani kama alielewa, lakini aliona kitu usoni mwangu na hakuuliza.

"Ndiyo yote?" alisema baba.

"Ndiyo yote."

Alinitazama midomo, kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanitazama macho.

Tuliondoka siku ya pili yake. Bibi alinifungia mikate ya mihogo, akatusindikiza mpaka chini ya ngazi. Baba alimwinamia kidogo kichwa, yeye mzee mwanamume kumwinamia mpishi, na bibi akakigusa kama mimi nilivyomfundisha bila kujua.

Kwenye gari la moshi, safari hii, baba alikaa kwenye benchi. Hakuchungulia tena vituoni. Tulipokaribia Moshi aliniuliza ghafla, bila kunigeukia, "Kwa Kiswahili, neno hana, maana yake nini?"

"Maana yake anaye," nilisema. "Mtu ana kitu, unasema hana."

"Mm," alisema, akaendelea kutazama nje.

Nilijipongeza kwa uongo ule mpaka mwaka mwingine, siku moja nilipokuwa nasubiri bomani na kundi la wazee waliokuja kulipa kodi. Karani alikuwa akiwaita mmoja mmoja na kumwambia askari: huyu hana rupia, huyu hana ng'ombe, yule hana kitu. Wazee hawakujua Kiswahili, lakini kila neno hana liliposemwa, waliinamisha vichwa kabla halijatafsiriwa. Hapakuwa na mwanamume Arusha nzima ambaye hakulijua neno lile. Nilisimama pale nikahisi aibu mpaka miguuni.

Lakini siku tuliyofika nyumbani sikuwa nimelijua hilo bado. Mama alikuwa mlangoni. Aliuona uso wa baba, akaketi chini palepale, akasema, "Lete wembe."

Baba alimnyoa kwa mkono wake. Alikuwa akimsimulia taratibu huku akinyoa: kilima, bahari, kaburi lenye ua wa mawe, mwanamke aliyemwosha. Mama akauliza, "Hakutaja mtu?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Baba alisimamisha wembe.

"Padri alimwuliza kama ana baba," alisema. "Akasema anaye."

Hakunitazama. Akaendelea kunyoa.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anamlinda mama, au ananilinda mimi, au alihitaji kulisikia neno lile kwa sauti yake mwenyewe. Nimelifikiria mara nyingi na kila mara natoka na jibu tofauti. Sikumwuliza, na yeye hakuniuliza tena kama ndiyo yote. Nilimtafsiria mambo mengi baada ya pale, na kila nilichosema alikipokea hivyo hivyo. Kutiliwa shaka nilikuwa nimekuzoea. Kuaminiwa kule kulinitisha.

Vita vya wazungu vilipoanza, askari walipanda tena njia ya migombani. Kila nyumba itoe mpagazi mmoja. Kwetu walimtaka mtoto wa baba mdogo, kijana mwenye nguvu aliyekuwa akiishi nasi. Baba alikuwa ameshazeeka, na kifua chake sasa kilikuwa kinambana kwelikweli, tulimsikia alfajiri akikohoa. Aliinuka kwenye kigoda, akachukua shuka yake.

"Mwambie ninakwenda mimi," aliniambia.

Nilimwambia askari vile vile alivyosema.

Askari alicheka, akampima kwa macho, akasema twende basi. Walimbebesha masanduku ya risasi mpaka upande wa Taveta. Alirudi baada ya miezi minne, amekonda, kucha mbili za mguu zimetoka, na alichukua muda kupanda ile njia kwa sababu kila baada ya hatua chache alikaa kupumzika. Mama alimtengenezea mtori wa ndizi. Alikula yote, akaomba tena, akatuambia mzigo wa risasi unakuumiza bega la kushoto kuliko la kulia, na kwamba hakujua ni kwa nini.